Baiskeli ya mbio inayumba, inaumiza au haikimbii: namna ya kutafuta chanzo

Mtu ananunua fremu ya kaboni ya bei mbaya, magurudumu ya rimu ndefu za kukata upepo, hendeli iliyoungana na stemu (kile kipande kinachoishikilia kwenye foki) kuwa kitu kimoja, mipira ya mafuta ya breki yote imefichwa ndani ya fremu, alafu baada ya wiki tatu anakwambia mikono inakufa ganzi, mbele panachezacheza na spidi ni ile ile ya baiskeli yake ya zamani. Kinachofuata unakijua, anaanza kuulizia fremu nyingine. Mi nimeshapita huko. Nimeshafungua baiskeli zangu na za wenzangu mara nyingi kiasi kwamba sasa hivi mtu akilalamika, fremu naiweka mwisho kabisa kwenye orodha ya washukiwa, naanza na siti, hewa ya tairi na beringi za hedseti, pale foki inapozungukia kwenye fremu, ambazo unakuta hakuna aliyezigusa tangu baiskeli itoke kwenye boksi.

Kabla hujalegeza bolti hata moja pima na uandike. Urefu wa siti kuanzia katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono inayobeba pedali) hadi juu ya siti. Siti imerudi nyuma kiasi gani, hapa shusha timazi kutoka kwenye pua ya siti, alafu pima mpaka katikati ya ekseli. Kutoka pua ya siti hadi katikati ya hendeli. Hendeli iko chini ya siti kwa kiasi gani. Na mwinamo wa siti kwa pima maji, ya kwenye simu inatosha. Vipimo vitano, dakika kumi. Usipoviandika utajikuta umebadilisha vitu vinne, maumivu yamehama kutoka goti kwenda kiuno, na hujui kurudi ulikotoka.

Alafu ufuate mpangilio, siti kwanza hendeli baadaye. Siti inapangwa kulingana na krenki, hendeli inapangwa kulingana na siti. Wengi wanafanya kinyume, hendeli ikiwa mbali wanasogeza siti mbele ili waifikie, hapo wameharibu mguu ili kuokoa mkono.

Goti linauma

Hii nitaipitia haraka maana imeshasemwa sana. Linauma mbele, mara nyingi siti iko chini mno au iko mbele mno. Linauma nyuma, siti iko juu mno, na ukimwangalia mtu huyo kwa nyuma utaona nyonga zinacheza kushoto kulia kila pedali inapofika chini. Linauma ubavuni, angalia kliti kwanza, kile kipande cha chini ya kiatu kinachonasa pedali, kakisigino kanataka kwenda ndani na wewe umekalazimisha kwenda nje. Kwa kuanzia kuna ile hesabu ya zamani ya kuzidisha urefu wa mguu kwa ndani mara 0.883, yaani mguu wa sentimita 84 unakupa siti ya sentimita 74.2 hivi. Sio sheria ya mbinguni. Unene wa soli ya kiatu na urefu wa krenki vinaibadilisha, kwa hiyo ihakikishe kwa kuangalia goti lenyewe, pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kama nyuzi 25 hadi 35.

Kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba bomba la siti limelala, kwenye nyuzi 73 na kitu. Ukisogeza siti nyuma milimita 10 kwenye reli zake umeiongezea pia urefu wa kama milimita 3 kutoka kwenye krenki, kwa hiyo ishushe kidogo. Usiposhusha unaponya mbele ya goti unaumiza nyuma, alafu unasema mwili wako mbovu.

Mikono ganzi, shingo ngumu, mgongo wa chini unawaka

Hapa ndo pana mambo. Wazo la kwanza la kila mtu ni kwamba hendeli iko mbali na chini, basi afupishe stemu. Inawezekana ni kweli, ila nakuomba ufanye jaribio moja kwanza, na ulifanye baiskeli ikiwa kwenye treina, ile stendi ya kukanyagia ndani, sio barabarani. Kanyaga kwa nguvu ya kawaida, mikono kwenye vishikio vya breki, alafu inyanyue mikono kidogo iache hendeli bila kubadilisha mgongo. Ukianguka mbele kama gunia, basi uzito wako ulikuwa umebebwa na mikono, na chanzo mara nyingi ni siti iliyosogea mbele mno au pua yake imeinama. Ukirudisha siti nyuma unaonekana unarefusha umbali, ila makalio yanarudi nyuma ya krenki, miguu inabeba kiwiliwili na mikono inapumzika. Mara ya kwanza sikuamini. Nilirudisha siti milimita 8 nikiwa na uhakika mambo yatazidi kuwa mabaya, na ganzi ya vidole viwili vya mwisho ikaisha wiki hiyo hiyo.

Pua ya siti kuinama ina hadithi yake. Wanaokaa chini sana kwa ajili ya upepo wanaishusha ili isiwabane huko mbele, na UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, inaruhusu mwinamo usiozidi nyuzi 9. Lakini kuruhusiwa sio kufaa, kila nyuzi unayoongeza inakutelezesha mbele na mikono inafanya kazi ya kukurudisha. Kama unaona unajisukuma nyuma kila baada ya dakika mbili, jibu ndo hilo. Na kama ganzi iko huko chini sehemu nyeti usiivumilie hata siku moja, angalia upana wa siti, kama ina mfereji wa katikati, na kama iko juu mno kiasi unaikalia kwa mbele.

Siti ikishakaa sawa na bado shingo inauma ndo uje kwenye hendeli. Hapa inabidi uelewe vitu viwili vya fremu, kimo cha mbele na ufiko, kwa sababu saizi iliyoandikwa kwenye fremu haikwambii kitu, 54 ya kampuni moja inaweza kuwa 56 ya nyingine. Kimo ni kwenda juu kutoka ekseli ya krenki hadi mdomo wa juu wa bomba la hedseti, ufiko ni kwenda mbele kati ya sehemu hizo hizo mbili. Na vinavutana, kwa sababu bomba la hedseti limelala kuja nyuma. Ukiweka spesa, ile pete ya kunyanyulia, ya milimita 10 chini ya stemu, hendeli inapanda karibu milimita 10 na inakusogelea milimita 3. Ndo maana ukilinganisha fremu mbili, moja fupi mbele na nyingine ndefu, huwezi kulinganisha ufiko peke yake, lazima uhesabu na spesa utakazohitaji.

Kama stemu yako ni ile ya kugeuzika, ya milimita 100 na nyuzi 6, kuigeuza itazame juu kunapandisha hendeli kama milimita 20 na kuifupisha kama 6. Bure kabisa. Haipendezi machoni, najua, watu wanataka stemu iliyolala sambamba na barabara, ila shingo yako haipigwi picha. Kwa wenye hendeli ya kipande kimoja pole yenu, hapo kubadilisha sentimita moja maana yake ni kununua kipande kizima na mara nyingi kufungua mipira ya breki na kuitoa hewa upya. Ndo sababu mi nasema ujue vipimo vyako kwenye stemu ya kawaida kwanza, hendeli ya kipande kimoja ije baadaye.

Nyonga zinabana ukishika chini, nguvu inapotea

Ukikaa wima wati, yaani nguvu unayotoa, zinatoka, ukishika sehemu ya chini ya hendeli iliyopinda zinashuka na goti linagonga tumbo. Kabla ya kupandisha hendeli fikiria krenki. Ukitoka krenki ya milimita 172.5 kwenda 165 unapandisha siti milimita 7.5 ili mguu ufike chini vile vile, na pedali ikiwa juu kabisa nayo iko chini zaidi kwa 7.5, yaani nyonga inapata nafasi ya milimita 15 pale inapobana. Pogačar mwenyewe, bingwa wa Tour de France, ameshatumia 165, kwa hiyo ile hofu kwamba krenki fupi inakunyima nguvu tuiache. Ila kumbuka siti ikipanda hendeli nayo imeshuka kwa tofauti hiyo hiyo, wengi wanasahau wanashangaa shingo imeanza tena.

Mbele panachezacheza, au panagoma kugeuka

Tenganisha mambo mawili, baiskeli ambayo imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na baiskeli ambayo ilikuwa sawa ikabadilika. Iliyobadilika ina kitu kimechakaa au kimelegea. Iliyozaliwa hivyo ni jiometri au ni namna ulivyokaa.

Iliyobadilika: nyanyua gurudumu la mbele, geuza hendeli polepole sana kwa kidole kimoja. Ukisikia inanasa katikati, kama kuna kishimo inakotaka kutulia, beringi za hedseti zimekufa. Dalili yake barabarani ni ya ajabu, baiskeli inakataa kwenda mstari ulionyooka, unasahihisha kulia inapitiliza, unasahihisha kushoto inapitiliza, kama mtu aliyelewa. Hedseti iliyokazwa kupita kiasi inafanya vile vile. Kwenye baiskeli hizi za mipira ya ndani jasho na maji vinapita mle mle kwenye beringi ya juu, kwa hiyo inakufa mapema na hakuna anayeifungua kwa sababu kazi yake ni kubwa. Na kuna nyingine ya kizazi hiki, mpira wa breki umekatwa mfupi mno, hendeli ukiigeuza inarudishwa yenyewe kama ina springi. Nimeona mtu amebadilisha foki nzima kwa ajili ya mpira uliopungua sentimita tatu.

Iliyozaliwa hivyo: kinachoamua hapa ni mkia wa gurudumu la mbele, yaani umbali kati ya pale mstari wa hedseti unapogusa ardhi na pale tairi linapogusa, tairi likiwa nyuma ya mstari. Pembe ya hedseti ya nyuzi 73, foki yenye mchepuo wa milimita 45 (umbali ekseli ilivyosogea mbele ya mstari wa hedseti) na tairi la milimita 28 vinakupa mkia wa kama milimita 57, hapo ndo zinapokaa baiskeli nyingi za mbio za saizi ya kati. Chukua fremu ndogo yenye nyuzi 71 na foki ile ile, mkia unafika kama 69, na mwenye mwili mdogo anakwambia baiskeli yake nzito kugeuza wakati ya mwenzie wa saizi kubwa nyepesi, kumbe majina sawa jiometri tofauti. Makampuni mengi yanalaza pembe kwenye saizi ndogo ili kidole cha mguu kisigonge tairi. Wengine wanaweka foki yenye mchepuo mkubwa kwa saizi hizo, na hao mi nawaheshimu. Kubadilisha tairi la 25 kwenda 32 kunaongeza mkia kwa kama milimita 2 tu, kwa hiyo ukiona tofauti kubwa baada ya kubadilisha tairi, ni hewa na sio jiometri.

Hewa, bana, hewa. Tairi lililojazwa kama jiwe linarukaruka kwenye kona na barabara mbovu, unadhani fremu ni ngumu. Shusha kidogo kidogo. Na kama rimu zako hazina ndoano za kushika tairi, kikomo ni bar 5, hata kama tairi lenyewe limeandikwa zaidi, na hakikisha upana wa tairi unaruhusiwa na mwenye rimu.

Kuna pia ya mtu aliyekaa nyuma na juu mno, stemu fupi, hendeli juu. Gurudumu la mbele halina uzito, linatangatanga kwenye mlima na kwenye kona linapanua njia. Huyo hahitaji foki, anahitaji kushika chini kabla ya kona na kukandamiza mkono wa ndani.

Inatetemeka yote ukiteremka kwa kasi

Hii ndo inayotisha. Unashuka vizuri, ghafla hendeli inaanza kupiga kushoto kulia, mara 4 hadi 10 kwa sekunde, fremu nzima inajipinda kama samaki. Tukianza na la kuokoa maisha: usiikaze mikono. Bana bomba la juu kwa goti moja au yote mawili, nyanyua makalio kidogo uhamishie uzito kwenye pedali, legeza viwiko, na punguza kasi taratibu kwa breki. Mikono iliyokazwa na makalio yaliyogandia siti ndo ncha mbili ambazo fremu inatetemekea katikati yake, kama kamba ya gitaa, ukilegeza ncha inazimika.

Ukifika chini salama ndo uanze upelelezi. Hedseti imelegea? Bana breki ya mbele, weka kidole kwenye mwanya kati ya hedseti na fremu, sukuma baiskeli mbele nyuma, kidole kitasikia. Mi iliwahi kunipata baada ya kubadilishiwa beringi na fundi fulani, alikaza bolti za ubavuni za stemu kabla ya kifuniko cha juu, kwa hiyo kifuniko kilikazika lakini hakikubana kitu. Mpangilio ni legeza za ubavuni, kaza ya juu mpaka mchezo uishe na hendeli bado izunguke laini, alafu nyoosha stemu ukaze za ubavuni. Baada ya hapo angalia mchezo kwenye beringi za magurudumu, ekseli zilizokazwa nusu, na gurudumu lisilo na mizani. Rimu ndefu yenye valvu ndefu inaweza kuwa nzito upande mmoja, ukiizungusha kwa kasi kwenye stendi fremu nzima inaruka. Kagua nyufa kwenye foki na bomba la mbele. Ukikuta kila kitu kizima basi ni mchanganyiko wa fremu, uzito wako na baridi, kutetemeka kwa mwili uliopigwa na baridi kunatosha kuianzisha, na watu warefu wenye fremu kubwa ndo wanaipata zaidi. Kwao dawa ni kuweka goti kwenye bomba kila mteremko mrefu kabla haijaanza.

Upepo wa ubavu ni kesi tofauti, usizichanganye. Huo unasukuma kwa mipigo, kila unapopita mwanya wa majengo au miti, na kosa ni rimu ndefu ya mbele. Ya nyuma haikusumbui kwa sababu haigeuki. Weka fupi mbele na ndefu nyuma, imeisha.

Nimeweka kila kitu cha aero na bado siendi

Twende na hesabu kidogo. Ukiwa barabara tambarare kilomita 40 kwa saa, eneo lako la upepo, yaani namna unavyouzuia, likiwa mita za mraba 0.32, upepo peke yake unakula kama wati 269. Ukilishusha mpaka 0.30 unakula 252. Wati 17 hizo, na hazitoki kwenye fremu, kwa sababu sehemu kubwa ya huo upepo, karibu robo tatu au zaidi, unagonga mwili wako. Fremu, magurudumu, hendeli, vyote vinagombania kinachobaki. Mmarekani LeMond mwaka 1989 aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Mfaransa Fignon kwa sekunde 50 akatoka mbele kwa 8, na kitu kikubwa alichokuwa nacho ni hendeli iliyomweka mikono mbele na kichwa chini.

Kwa hiyo chunguza mwili. Piga video kwa mbele na ubavuni ukiwa umeshachoka, sio dakika ya kwanza. Kosa ninaloliona sana, na mi nimelifanya, ni kushusha hendeli sentimita mbili zaidi kwa kuamini chini ndo kasi. Matokeo viwiko vinanyooka, mabega yanapanuka, kichwa kinanyanyuka ili uone mbele, na unakuwa pazia. Hendeli iliyo juu kidogo, viwiko vikikunjwa mpaka mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja ulale, inakupa mgongo ulio chini zaidi na unaweza kuushikilia saa nzima. Ila kuegemeza mikono juu ya hendeli bila kuishika, au kukaa juu ya bomba la fremu kwenye mteremko kama alivyofanya Froome kwenye Tour de France ya mwaka 2016, UCI ilivipiga marufuku 2021, usijifunze hivyo. Alafu jezi, kama inapigapiga kwenye mabega unalipia kila kilomita.

Tairi likiwa pana kuliko rimu yake linavimba kama balbu na faida ya rimu ndefu inapungua, wenye kujali wanataka rimu iwe pana kuliko tairi kwa asilimia 5 hivi, walau mbele. Breki inayogusa diski na cheni chafu navyo vinakula wati zako kimya kimya, zungusha magurudumu kwa mkono kabla hujalaumu upepo.

Na namna unavyopima. Ukijaribu hendeli mpya mchana wa joto na ya zamani uliijaribu asubuhi ya baridi, umejidanganya, hewa ya nyuzi joto 30 ni nyepesi kuliko ya 10 kwa kama asilimia 7, hiyo ni zaidi ya faida ya wati 17 niliyokwambia juu. Jaribu siku moja, mzunguko mmoja usio na breki, kitu kimoja kimoja, zamani mpya zamani mpya, kwa mita ya wati. Zisiporudia namba zile zile hujapima chochote.

Inalia

Kaboni inapitisha sauti, kelele ya nyuma utaisikia mbele, kwa hiyo usiamini sikio. Ikilia ukiwa umekaa tu ikinyamaza ukisimama, ni nguzo ya siti au reli zake. Toa, safisha, paka ile pasta ya kaboni yenye chembechembe, kamwe usiweke grisi ya kawaida hapo maana nguzo itateleza na utaikaza mpaka uivunje. Kaza kwa spana ya kupimia, kwa namba iliyoandikwa, mara nyingi ni nyutoni mita 5 au chini yake. Ikilia mara moja kila mzunguko wa krenki, ni pedali, bolti za kliti au beringi za krenki, na zile za kushindiliwa kwenye fremu badala ya kufungwa kwa skrubu ndo zinaongoza kwa malalamiko. Ikilia ukivuta hendeli kwenye sprinti, stemu au hedseti kavu. Ukishamaliza yote hayo na bado inalia, osha fremu, kausha, na uigonge taratibu kwa sarafu bomba zima polepole, pale mlio unapogeuka kutoka kuwa mkali kuwa mzito kama unagonga mbao, weka alama kwa kalamu na usiipande mpaka mtu anayejua kaboni aione.